Kamera chache, barabara mingi: namna hesabu inakisia ambuteyaji ya mji mzima

Mwaka jana, siku ya kwanza ya Egzeta, nilisindikiza mdogo wangu mwanamke ku kituo chake cha mtihani. Tulitoka Ruashi asubuhi, jua bado halijapata nguvu. Alikuwa na wasiwasi, na mie nikajifanya mkubwa: « Usiogope, kutoka hapa mpaka mjini ni nusu saa tu. Tutafika mbele ya wenzako. »

Ile nusu saa sikuiokota hewani. Napita ile njia kila siku ya kazi, naijua. Lakini siku ile kamyo moja ilikufa katikati ya barabara. Taksi-bisi zikaanza kupita kando, kisha kando ya kando, moto zikajaza nafasi iliyobaki, na ndani ya dakika chache hakuna aliyeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Tulilipa, tukashuka, tukatembea, mwisho tukakimbia. Mtoto aliingia mu chumba cha mtihani na jasho mu uso, wenzake walikuwa wamekwisha kuinamia karatasi. Walimuacha aingie, nawashukuru. Kosa halikuwa lao, na hata yule shofere wa kamyo sitamtupia yote. Kosa ni langu, sababu nilimupa mtoto hesabu mbaya.

Nusu saa ilikuwa kweli, na hapohapo ilikuwa uongo. Kwa muda mrefu sikujua namna ya kuieleza hiyo, mpaka nilipoanza kusoma kazi za watu wanaofanya utafiti juu ya ambuteyaji. Ndiyo, kuko watu ambao hiyo njo kazi yao: kuchukua hesabu ya uwezekano, ile ambayo wengine tuliisoma mu sekondari tukaisahau, na kuiweka mu barabara. Na moja ya kazi zao imegusa mji unaofanana na wetu kwa mambo mingi, ni Nairobi, kule Kenya. Nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya!

Wastani haufikishi mtu

Tuanze na ile nusu saa yangu. Tufanye mfano wa njia mbili za kutoka mtaani mpaka mjini. Namba ni za mfano tu, mie njo nimezitunga.

Njia ya kwanza ni ya mzunguko, udongo na mashimo, lakini haina matatizo. Kila siku dakika 30, Jumatatu mpaka Ijumaa. Njia ya pili ni ya gudroni. Siku 4 kati ya 5 inachukua dakika 20, unafika unacheka. Siku ya tano kamyo inakufa, ao mvua inanyesha, ao gari mbili zinagusana, na unapiga dakika 70.

Sasa piga wastani. Njia ya kwanza: 30. Njia ya pili: mara nne 20 ni 80, ongeza 70 ni 150, gawa kwa 5, ni 30. Wastani ni mmoja, dakika 30 na dakika 30. Mtu akikuuliza « ni muda gani? » utajibu sawasawa kwa njia zote mbili. Lakini mwanafunzi wa Egzeta, mama mwenye uchungu wa kuzaa, ao mtu mwenye kupanda ndege ku Luano, hawawezi kuchukua hizi njia mbili kama ni kitu kimoja. Wao hawahitaji wastani. Wanahitaji kujua siku mbaya ni mbaya namna gani, na inakuja mara ngapi.

Hiyo njo tofauti ya kwanza kati ya kutoa namba moja na kufanya hesabu ya uwezekano. Mtafiti hasemi « ni dakika 30 ». Anatoa picha nzima: mara nyingi ni hivi, mara chache ni vile, na mara moja moja ni balaa. Shofere wa zamani wa taksi-bisi anaijua hiyo picha bila karatasi. Muulize « Papa shofere, tutafika saa ngapi? », hatakujibu haraka. Kwanza anatazama mbele.

Na anatazama nini? Anatazama gari zinazotoka upande wa pili. Kama zinakuja mingi na mbio, njia iko wazi. Kama kwa muda wa dakika tano hakuna hata moja iliyotoka kule, anajua kuko kitu kimefunga huko mbele, hata kama hajakiona kwa macho. Hapo anakata kulia, anaingia mu mitaa, na nyuma watu wanaanza kulalamika: « Unatupeleka wapi tena? » Nusu saa baadaye wanasikia ku radio kama barabara kubwa ilikuwa imefunga.

Yule papa alikuwa na wazo la kwanza (njia hii kwa kawaida iko bien), akapata alama mpya (hakuna gari inayokuja), akabadilisha wazo lake kadiri ya ile alama. Mu vitabu hiyo inaitwa kanuni ya Bayes, jina la mchungaji mmoja Mwingereza, Thomas Bayes. Karatasi yake ilitolewa mu mwaka 1763, yeye akiwa amekufa miaka miwili mbele. Hesabu yenyewe ni ya kupima: alama mpya inapaswa kusukuma wazo lako la kwanza kwa nguvu gani? Kidogo, ao sana? Shofere anapima kwa tumbo. Mtafiti anapima kwa namba, na faida ya namba ni kwamba zinaweza kufanywa mara elfu kwa dakika, kwa barabara zote za mji pamoja.

Kutoka Tokyo, kutazama Nairobi

Miji tajiri inajua ambuteyaji yake kwa sababu ilinunua macho. Wanachimba gudroni na kuweka nyuzi za umeme chini yake, gari ikipita juu inahesabiwa. Wanaweka mashini ku nguzo. Japani imekuwa na mfumo wa kutuma habari za barabara moja kwa moja ndani ya gari tangu mwaka 1996. Vitu kama hivi vyote pamoja, taa zinazobadilika kufuatana na gari, kamera, habari kwa madereva, njo vinaitwa mifumo ya usafiri yenye akili. Jina ni kubwa, lakini shina lake ni moja: mji unajua gari zake ziko wapi.

Mji usiokuwa na pesa ya kuchimba kila barabara ufanye nini? Hilo swali lilichukuliwa na mtafiti mmoja Mjapani, Tsuyoshi Idé, aliyekuwa anafanya kazi ku maabara ya kampuni IBM mu Tokyo, pamoja na wenzake, wakiwemo Takayuki Katsuki na Tetsuro Morimura. Walichagua Nairobi. Si ajabu. Mu 2011 IBM hiyohiyo iliuliza wasafiri wa miji 20 ya dunia namna safari ya kwenda kazini inawatesa, na Nairobi ilitoka nafasi ya 4 kwa mateso, nyuma ya Mexico, Shenzhen na Beijing. Kisha mu 2013 kampuni ilifungua maabara yake ya utafiti mulemule Nairobi.

Nairobi ilikuwa na kitu kimoja kidogo cha kuanzia: kamera. Si kamera za polisi za bei kali. Ni kamera za kawaida za intaneti, zilizofungwa ku njia panda kadhaa, mtu yeyote aweze kutazama picha mbele ya kutoka nyumbani. Picha zake zilikuwa mbaya. Ndogo, zenye ukungu, gari zimefichana, nyingine nusu ya picha ni mti ao paa. Na kamera zenyewe zilikuwa chache sana ukilinganisha na barabara za mji.

Kwa hiyo walikuwa na matatizo mawili, moja juu ya lingine. Kwanza: namna gani kuhesabu gari mu picha ambayo hata jicho la mtu linasumbuka? Pili: hata kama umehesabu vizuri fasi zenye kamera, utajua nini juu ya barabara zisizokuwa na kamera, ambazo njo karibu zote?

Kuhesabu bila kutambua

Tatizo la kwanza wengi wangejaribu kulimaliza kwa nguvu: kufundisha mashini kutambua gari moja moja. Lakini ili ifundishwe, lazima mtu akae mbele ya picha maelfu, aandike « hapa kuko gari 12, hapa 7 ». Na ukibadilisha kamera, unaanza upya. Kazi ya wiki na wiki.

Idé na wenzake walikwenda njia nyingine. Mashini yao haitafuti gari. Inatazama tu sehemu gani ya barabara imefunikwa na kitu kisichokuwa barabara. Ni kama mama muuzaji wa samaki ndakala anayekisia uzito wa mfuko: hahesabu samaki moja moja, anajua mfuko ukijaa mpaka hapa ni kiasi hiki. Wanaweka ndani ya hesabu mambo machache wanayoyajua hata bila kuona picha. Kwa mfano, hesabu ya gari haiwezi kuwa chini ya sifuri, na haiwezi kuwa gari 3 na nusu. Mambo hayo yanaonekana madogo, hata ya kuchekesha, lakini yanasaidia hesabu kujipanga yenyewe kwa kupitia picha mingi, bila mtu wa kuifundisha kamera kwa kamera.

Itakosea? Itakosea. Lori moja kubwa linaweza kuhesabiwa kama gari ndogo tatu, na usiku ao mvua ku kioo cha kamera inaharibu yote. Lakini hawakutafuta ukweli wa kila picha. Walitafuta kiasi kinachotosha kuingia ku hatua ya pili.

Gari kama herufi

Hatua ya pili njo ilinishangaza zaidi, na kuieleza lazima nirudi nyuma miaka zaidi ya mia moja, ku Urusi.

Mu 1913, mwanahesabu mmoja Mrusi, Andrei Markov, alichukua kitabu cha mshairi Pushkin, akahesabu herufi 20 000 moja moja, kwa mkono. Hakutafuta maana ya mashairi. Alitaka kujua kitu kimoja: kama herufi hii ni vokali, kuko uwezekano gani herufi inayofuata pia iwe vokali? Kwa Kiswahili tungemsaidia haraka. Soma neno « barabara » ao « kamera »: baada ya konsonanti inakuja vokali karibu kila mara. Ukijua uko ku herufi gani, tayari unajua kitu juu ya herufi inayofuata, bila kujua hadithi nzima. Hiyo njo inaitwa mnyororo wa Markov.

Sasa toa herufi, weka gari. Gari imefika ku njia panda. Inaweza kwenda mbele, kulia ao kushoto. Hatujui dereva anawaza nini wala alitoka wapi. Lakini kama mu gari 10 zinazofika pale, 6 zinaendelea mbele, 3 zinaingia kulia na 1 kushoto, tunaweza kusema kitu cha maana juu ya barabara tatu zinazofuata. Fanya hivyo ku kila njia panda, na mji mzima unakuwa mnyororo mmoja mkubwa. Ukijua hizo sehemu zote, unaweza kufuata gari mu akili mpaka mwisho wa mji.

Lakini hatuzijui. Hakuna aliyesimama ku kila njia panda ya Nairobi kuhesabu nani anakata kulia. Kitu pekee tunachokijua ni hesabu ya fasi chache zenye kamera. Kwa hiyo Morimura, Idé na mwenzao Takayuki Osogami waligeuza swali. Mu kazi waliyoitoa mwaka 2013 hawakuuliza « kama tunajua namna gari zinakata, tutaona ngapi hapa? ». Waliuliza kinyume: « kama tumeona hizi hapa na hizi kule, gari zinakata namna gani fasi zote tusizoziona? »

Mfano wa kwetu. Namba tena ni zangu. Weka kamera moja mwanzo wa chaussée de Kasenga upande wa Ruashi, na ingine karibu na mjini. Ya kwanza inaona gari 100, ya pili inaona 60. Katikati kuko njia tatu za kutoka, hakuna kamera. Gari 40 zimekwenda wapi? Zinaweza kuwa zote 40 zimeingia njia ya kwanza. Ao 20, 10 na 10. Ao 0, 0 na 40. Majibu ni mengi, na yote yanakubaliana na kamera. (Mu kweli kuko pia gari zinazoingia katikati, na hapo majibu yanazidi tena.)

Mtu mwenye haraka atachagua jibu moja na kulichora ku karta. Mtafiti wa uwezekano hachagui haraka. Anauliza jibu gani linafanana zaidi na dunia tunayoijua. Njia ya kwanza ni ya gudroni na inakwenda ku soko. Mbili zingine ni udongo. Barabara zinazokaribiana mara nyingi zinafanana, ambuteyaji hairuki kutoka sifuri mpaka mia ndani ya mita 50. Majibu yanayokwenda kinyume na hayo yanapewa uzito mdogo, hayatupwi, lakini yanawekwa chini. Kisha kamera ya tatu, mbali kidogo, inaleta alama nyingine, na uzito unabadilika tena. Papa shofere wetu, lakini mara elfu.

Mwisho wa kazi unapata karta ya mji ambamo kila barabara ina kisio, hata ile isiyokuwa na kamera. Kazi nzima, kamera na mnyororo pamoja, Idé, Katsuki, Morimura na mwenzao Robert Morris waliitoa mu 2017 mu gazeti la wataalamu wa mifumo ya usafiri.

Na hapa Lubumbashi?

Sitasema kesho tutakuwa na mfumo kama huo hapa. Lakini nimejaribu kuwaza, kama mtu angetupa kamera 10 tu, tungeziweka wapi?

Mji wetu una umbo lake. Katikati ulichorwa tangu mwaka 1910 kwa mistari iliyonyooka, avenue kwa avenue, na mwaka huohuo reli ikafika kutoka kusini. Reli inakata mji, na gari haiwezi kuvuka reli fasi yoyote inayotaka. Zinakusanyika ku vivuko vichache, kama pale ku tunel, kila mtu anapajua na kila mtu amekwisha kupakasirikia. Komini ni 7, lakini asubuhi karibu watu wote wanaelekea upande mmoja, mjini, na jioni wanarudi. Halafu kuko Nationale 1, inayobeba kamyo za shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi, inapitia kwetu, inakwenda Kasumbalesa ku mpaka wa Zambia.

Kwa mtu wa kawaida, umbo hilo ni mateso. Kwa hesabu ya mnyororo, ni zawadi. Fasi ambapo gari zote zinalazimishwa kupita mu shimo moja, jicho moja tu linasema mambo mingi. Kamera ku avenue ndogo ya mtaa itakuambia habari ya ile avenue. Kamera ku kivuko cha reli itakuambia habari ya nusu ya mji. Kwa mawazo yangu, hapo njo pa kuanzia, hata kabla ya kuzungumza taa mpya.

Lakini kuko vitu vya kwetu ambavyo vitaisumbua ile hesabu, na mtu akikuuzia mfumo bila kuvitaja, umuulize mara mbili. Mnyororo wa Markov unafikiri gari haina kumbukumbu: ikifika njia panda inachagua kama vile imezaliwa pale. Taksi-bisi ina kumbukumbu. Ina ligni yake, resevere anaipiga kelele tangu mwanzo, haiwezi kukata kushoto kwa kupenda. Na siku ambayo ambuteyaji ni kali, shofere anakata safari katikati, anashusha watu, anageuka. Hakuna herufi ya Pushkin iliyowahi kufanya vile.

Kisha mvua. Hesabu iliyofundishwa mu Julai, barabara kavu na vumbi, haitaelewa Januari, wakati maji yamejaza mashimo na kila gari inatafuta njia yake. Lazima ifundishwe upya, ao iambiwe wazi kama msimu umebadilika.

Na kuko watu ambao mashini haiwaoni. Hiyo njo inanihangaisha zaidi.

Simu 99 mu mkokoteni

Wengi wenu munajua ile karta ya Google mu simu, yenye barabara za rangi nyekundu na za kijani. Ile haitumii kamera. Inatumia simu zenyewe: simu mingi zikitembea polepole mu barabara moja, inasema pale kuko ambuteyaji.

Mu 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alipakia simu 99 mu mkokoteni mdogo, akautembeza mu barabara tupu. Karta ikageuka nyekundu. Barabara haikuwa na kitu, ila mtu mmoja anayevuta mkokoteni. Watu walicheka, lakini fundisho lake ni zito: mashini haioni gari, inaona simu.

Geuza ile hadithi, uilete kwetu. Kama simu 99 bila gari zinaonekana ambuteyaji, basi watu 99 bila simu ya namna ile wanaonekana barabara tupu. Mama anayetoka ku shamba na baiskeli ya makala hayumo. Wanafunzi wanaotembea kwa mguu hawamo. Abiria waliobanana mu taksi-bisi moja, kama ni mmoja tu mwenye simu kali na megabaiti, wanahesabiwa kama mtu mmoja, sawa na bwana aliye peke yake mu jipu yake. Mji ukipanga taa na barabara kwa kufuata karta kama hiyo, utafungulia njia wenye jipu. Hakuna mtu atakuwa amepanga ubaya. Hesabu itakuwa imefuata tu macho iliyopewa.

Kamera inaona zaidi, hata masikini anaonekana mu kamera. Lakini nayo ina mambo yake. Kamera inayohesabu gari leo, kesho inaweza kutumiwa kusoma namba za gari na kutafuta mtu. Kazi ya Nairobi haikuhitaji kujua gari ni ya nani, na hata picha zenyewe hazikuwa na uwezo huo. Ukungu wa zile kamera mbaya ulikuwa kinga bila mtu kupanga. Kamera mpya za leo hazina ukungu.

Sisi Wakongomani tulikwisha kuzoea mashini mu barabara. Tangu 2013, Kinshasa iliweka robo kubwa za alumini ku njia panda, zinazotumia umeme wa jua, zilizotengenezwa na kikundi cha injenieri Thérèse Izay Kirongozi. Dunia nzima ilizipiga picha. Robo inasimamisha gari na kuacha watu wavuke, na ina kamera. Madereva wengine walisema wanaiheshimu kwa sababu haiombi kitu! Lakini robo inatawala njia panda yake tu. Haijui nini kinajaa njia panda ya tatu kutoka pale. Ile kazi ya Tokyo ni ya namna nyingine, haisimamishi gari hata moja, inajua tu, ao tuseme, inakisia na kusema inakisia kwa kiasi gani.

Kuanza bila kamera

Nairobi iko na mfano mwingine, wa bei ya chini zaidi. Matatu za kule, ndugu za taksi-bisi zetu, hazikuwa na karta inayoonyesha ligni zote. Wanafunzi na watafiti wa Chuo kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu na simu mu mkono, wakaacha simu iandike njia yote na kila fasi gari iliposimama. Mu 2014 karta ilitoka, ligni zaidi ya 130, na wakaitoa bure. Mwaka uliofuata ligni za matatu ziliingia mu karta ya Google.

Mie naona hiyo inawezekana hapa bila kungoja mtu wa kutuletea. Unilu iko na vijana wa informatiki na wa polyteknik, na taksi-bisi wanapanda kila siku. Simu moja kwa kila ligni, kwa wiki mbili za kiangazi na wiki mbili za mvua, ingetupa kitu ambacho hatuna: si muda wa wastani, lakini ile picha nzima, siku nzuri na siku mbaya, ligni kwa ligni. Wazazi wangejua watoke saa ngapi siku ya Egzeta. Ambulansi ingejua njia gani isiiamini hata kama mara nyingi iko wazi.

Mdogo wangu alipata diploma yake, asante Mungu, na sasa yuko mwaka wa kwanza. Juzi aliniuliza tena muda wa kutoka nyumbani mpaka chuo. Nilimjibu: siku nyingi ni nusu saa, siku moja mu wiki inaweza kupita saa moja, na Jumatatu ya mvua usiniulize. Alisema jibu ni refu sana. Lakini alitoka mapema.